Vyeo vya Makabaila wa Ulaya katika Tamthilia ya Tafsiri

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kuandika kuwa "mfalme wa Venisi" alishindwa kumwokoa Antonio kwa sababu alikuwa mtawala mwoga. Nilimkata alama, kisha nikatambua kwamba kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimewafafanulia vyeo hivi.

Kwa kawaida ngazi za makabaila wa Uingereza, kuanzia juu, ni duki, markisi, eli, viskonte na baroni. Mfalme hayumo katika orodha hii. Yeye ndiye aliyewatunuku. Duki latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiongozi wa vita, na duki wa kwanza wa Uingereza alitawazwa mwaka 1337. Markisi alilinda mpaka. Eli ni sawa na konte wa Ufaransa na Italia, na mkewe hadi leo huitwa kwa jina litokanalo na konte. (Neno letu "kaunti" lina asili hiyo hiyo: eneo la konte.) Viskonte alikuwa naibu wake. "Lodi" si ngazi bali ni namna ya kumtaja mwenye cheo, kuanzia markisi hadi baroni. Lodi Delamere, mlowezi maarufu wa hapa Kenya, alikuwa baroni, yaani ngazi ya chini kabisa.

Sasa turejee kwenye Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969. Venisi haikuwa na mfalme. Ilikuwa jamhuri hadi mwaka 1797, na mkuu wake, ingawa jina la cheo chake lina asili moja na duki, alichaguliwa na wakuu wenzake ashike madaraka maisha yake yote. Hakurithi kiti wala hakukirithisha mwanawe, na alikula kiapo kilichombana. Ndiyo maana katika kesi anamsihi Shylock badala ya kumwamuru. Antonio mwenyewe anakiri mapema kuwa sheria haiwezi kupindwa, kwani biashara ya mji yategemea imani ya wageni. Mtahiniwa asemaye kuwa mtawala ni dhaifu amekosa kiini cha mgogoro: kama angekuwa na uwezo wa kuifuta hati, Portia asingehitajika mahakamani.

Wachumba wa Portia nao wana vyeo: mwanamfalme wa Moroko, mwanamfalme wa Aragon, baroni kijana wa Uingereza, mpwa wa duki wa Saksonia. Wote wanaambulia patupu. Anayefaulu ni Bassanio, muungwana wa nasaba aliyejaa madeni, na nauli yake inatokana na dhamana ya Antonio, mfanyabiashara asiye na cheo chochote. Swali la maudhui ya utabaka likitokea, mwanafunzi na aanzie hapo: nani ana damu, nani ana fedha, na nani anamkopesha nani.