Tango la Siki kwa Saa Moja: Kazi ya Chumvi, Kisu na Ubaridi

Bakuli la kachumbari likikaa mezani nusu saa, chini yake hukusanyika maji. Mpishi alikata nyanya, vitunguu na matango, akatia chumvi, akakamulia ndimu, kisha akaenda kupakua pilau. Wageni wanapoanza kula, ndimu imekwisha kuzimuliwa na vipande vya tango vimelegea. Wengi wetu huona kwamba tango ndivyo lilivyo, halina subira. Kumbe maji yale lazima yatoke mara tu chumvi inapoligusa. Tunachoweza kuamua ni wakati na mahali: yatokee kwenye chujio kabla ya viungo kutiwa, au yatokee mezani baada ya kazi yote kwisha.

Matango ya siki ya haraka, yale yanayoandaliwa sasa na kuliwa baada ya saa moja, yamejengwa juu ya uamuzi huo. Mapishi yake ni mepesi, lakini wanaoshindwa ni wengi, kwa sababu hutafuta haraka hiyo kwenye siki: wanaongeza siki, wanaichemsha, wanaimimina ikiwa ya moto. Haraka inatoka kwenye chumvi inayotangulia na kwenye unene wa kipande. Siki huja baadaye, nayo ina kazi yake nyingine.

Chumvi itangulie

Tango lina asili ya India, na ni la ukoo mmoja na boga, mumunye na tikiti maji. Takriban asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Maji hayo yamefungiwa ndani ya seli zilizojaa na kukakamaa, na ule mlio tunaousikia tunapotafuna tango bichi ni wa seli hizo zinapopasuka.

Ukinyunyiza chumvi juu ya vipande vilivyokatwa, chumvi huyeyuka kwenye unyevu wa juu na kuwa maji ya chumvi kali kuliko yale yaliyo ndani ya seli. Hapo maji ya ndani huanza kutoka, yakipita kwenye utando wa seli kuelekea kwenye chumvi nyingi. Wanasayansi huita mwendo huo osmosisi. Baada ya dakika 20 hadi 30, chini ya chujio utakuta maji ya kutosha, na vipande vitakuwa vimenywea kidogo, vinapindika bila kuvunjika.

Faida zake ni tatu. Nyama ya tango hushikamana, kwa hiyo ukitafuna unapata kitu kinachobana meno badala ya kitu chenye majimaji. Siki utakayotia haitazimuliwa na maji mapya. Na chumvi yenyewe imeanza kuingia ndani, si kukaa juu tu. Wajapani, katika saladi yao ya siki iitwayo sunomono, hutia matango chumvi, huyaacha, huyakamua, ndipo huyatia siki ya mchele na sukari. Mpangilio huo wa kazi ndio siri yake.

Kiasi kinachofaa ni asilimia 2 ya uzito wa matango. Kwa nusu kilo, hiyo ni gramu 10, sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa. Chumvi yenye madini joto tunayoitumia kila siku inafaa kabisa. Pengine maji ya siki yatakuwa na ukungu kidogo kwa sababu ya vitu vinavyotiwa kwenye chumvi ili isigande, lakini ukungu huo hauna madhara. Sehemu ya chumvi hutoka pamoja na maji unayoyamwaga. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chakula chote kikijumuishwa. Anayechunga shinikizo la damu asuuze vipande haraka kwa maji safi baada ya chumvi kufanya kazi yake, kisha avikamue.

Unene wa kipande ndio saa yako

Ladha haiingii kwenye tango kwa nguvu. Inasambaa polepole, kutoka nje kwenda katikati, na mwendo huo una kanuni ambayo kila mpishi angefaidika kuijua: unene ukizidi mara mbili, muda unaohitajika huzidi mara nne. Kwa hiyo, ikiwa kipande cha milimita 2 kinatosheka kwa nusu saa, cha milimita 4 kitataka takriban saa mbili. Ndiyo maana tango zima lenye ganda huachwa ndani ya siki kwa siku nyingi, na ndiyo maana atakaye kula leo hana budi kunoa kisu.

Wachina wana njia nyingine. Hulipiga tango kwa ubapa wa kisu kipana hadi lipasuke, kisha hulikata vipande vikubwa. Pale lilipopasuka pana mikwaruzo na mianya mingi, kwa hiyo viungo hupata njia za kuingilia nyingi kuliko kwenye kipande kilichokatwa laini. Anayependa vipande vya kuumwa kwa meno, ajaribu njia hiyo.

Kabla ya kukata, toa ncha zote mbili, maana kila moja ina sababu yake. Upande wa kikonyo ndipo uchungu unapozidi kukusanyika. Uchungu huo unatokana na kemikali za mmea ziitwazo kukurbitasini, nazo huongezeka tango likikulia kwenye jua kali na ukame. Nyumba nyingi zina desturi ya kukata kichwa cha tango na kukisugua mpaka povu litoke. Kinachosaidia zaidi hapo ni ule mkato wenyewe, kwa kuwa umeondoa sehemu yenye uchungu. Kata sentimita moja, onja, na ukisikia bado lina uchungu endelea kukata. Tango lililo chungu mpaka katikati lisiliwe kabisa.

Upande wa pili, pale ua lilipokuwa, una vimeng'enya vinavyoweza kulainisha tango likiwa chupani. Milimita 2 hadi 3 zikiondolewa, zinatosha.

Sokoni chagua matango ya wastani, magumu, yenye kijani kilichokolea. Lililoanza kuwa la manjano limekomaa kupita kiasi: mbegu zake ni ngumu na katikati pana utelezi. Kama hilo ndilo ulilo nalo, lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, kisha endelea.

Siki na kipimo chake

Siki hutengenezwa na bakteria wanaogeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Wagema wa pwani wanajua vizuri kwamba tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa huchacha hadi kuwa siki. Katika miaka ya 1860 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba mageuzi hayo ni kazi ya viumbe hai. Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi ya asilimia 4 hadi 5. Soma lebo na uchague ya asilimia 5, kwa sababu vipimo vya hapa vimepangwa kwa hiyo.

Kazi ya kwanza ya siki ni ladha. Ya pili ni ulinzi. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: namba ikishuka, uchachu unapanda. Tango bichi lina uchachu mdogo. Wataalamu wa chakula wameweka mpaka kwenye pH ya 4.6, kwa kuwa chini ya hapo bakteria anayezalisha sumu ya botulini hawezi kukua. Siki nzuri iko chini ya 3, na ikichanganyika na matango kwa kiasi cha kutosha, bakuli zima hushuka chini ya mpaka huo. Basi unaweza kubadilisha viungo upendavyo, lakini usipunguze siki na kuziba pengo kwa maji. Ukiona ni kali, ongeza sukari. Sukari haipunguzi asidi; inatuliza ukali wake ulimini tu.

Ndimu inafaa kwa mlo wa leo. Kwa matango yatakayokaa siku kadhaa, tumia siki, kwa sababu asidi yake inajulikana kipimo, ilhali ndimu moja hutofautiana na nyingine.

Usiandalie wala kuhifadhia kwenye sufuria ya alumini, na sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini. Asidi huila metali hiyo na chakula hupata ladha ya chuma. Tumia bakuli la kioo, la udongo uliopakwa rangi salama kwa chakula, au la chuma kisichoshika kutu.

Namna ya kutengeneza

Chukua nusu kilo ya matango. Chumvi laini kijiko kimoja na nusu cha chai. Siki ya asilimia 5 mililita 150. Maji yaliyochemshwa na kupoa mililita 50. Sukari vijiko viwili vya mezani. Kitunguu maji kidogo kilichokatwa vyembamba. Punje kumi za pilipili manga zilizopondwa kidogo. Na ukipenda, punje moja ya kitunguu saumu, kipande cha tangawizi au pilipili mbuzi.

Osha mikono, kisu na ubao. Osha matango kwa maji safi yanayotiririka, ukiyasugua. Hatua hii isirukwe kwa kutegemea siki, kwa sababu siki huzuia vijidudu kuongezeka lakini haiui vyote papo hapo. Tango linaliwa bichi, na usafi wake unaanzia hapa.

Toa ncha, kata mviringo wa milimita 2 hadi 3, tandaza kwenye chujio na uchanganye na chumvi kwa mikono. Acha dakika 30. Wakati huo koroga siki, maji na sukari hadi sukari iyeyuke. Hakuna haja ya moto. Siki ya moto hupenya upesi zaidi, lakini huanza kulipika tango, na ule ukakamavu tunaoutafuta hupungua.

Kamua vipande kwa viganja, bila kuviponda, mpaka maji yaache kuchuruzika. Viweke kwenye bakuli pamoja na kitunguu na viungo, mimina siki, geuza, funika, weka kwenye friji. Baada ya nusu saa vinalika. Ladha hukolea zaidi baada ya saa chache, na kesho yake ndipo viungo huwa vimepatana.

Siku zinazofuata usishtuke ukiona kijani kimekuwa cha mzeituni. Asidi imeondoa magnesi iliyokuwa ndani ya klorofili, na rangi hubadilika bila kuathiri chakula. Kitunguu saumu nacho huweza kugeuka buluu au kijani kwenye siki. Hayo ni mabadiliko ya kemikali zake zenye salfa, wala hayadhuru. Lakini ukiona povu, utelezi, ukungu wa kuvu juu, au kunusa harufu ngeni, mwaga yote.

Haraka ina mpaka wake

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji awe makini. Achari ya ndimu au ya embe ya pwani hukaa miezi kwa sababu imepewa chumvi nyingi, ikaanikwa juani, ikapoteza maji na kusubiriwa. Matango ya Ulaya ya kuchachushwa kwenye maji ya chumvi nayo hulindwa na bakteria wanaotengeneza asidi kwa siku au wiki. Tango letu la saa moja halijapita njia yoyote kati ya hizo. Lina siki kiasi na chumvi kiasi, na kinachokamilisha ulinzi wake ni ubaridi.

Kwa hiyo liwe kwenye friji yenye baridi chini ya nyuzi 5, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, vipande vikiwa vimezama. Chukua kwa kijiko safi, usitumie vidole. Lile ndani ya wiki moja, likiwa bado na uhai kinywani. Umeme ukikatika siku nzima na friji ikapoteza baridi yake yote, usijaribu kuokoa kilichobaki kwa kuonja. Asiye na friji aandae kiasi cha mlo mmoja na kumaliza. Kufunga kifuniko kwa nguvu hakugeuzi bakuli hili kuwa chakula cha kabatini.

Anayetaka kuuza chupa za kukaa rafuni ana kazi nyingine mbele yake: kupima pH kwa chombo, kupasha chupa joto kwa muda uliothibitishwa, na kupata kibali cha ubora. Nchini Tanzania mashirika kama SIDO hufundisha usindikaji, na TBS husimamia viwango; Kenya kazi ya viwango iko kwa KEBS. Njia hiyo inaheshimika na inalipa, lakini haianzi kwa kurefusha umri wa tango la haraka.

Kwa nyumbani, faida iko karibu zaidi. Msimu matango yanapojaa sokoni, bei hushuka na mengi hulainika kabla ya kuliwa. Hata friji haiyasaidii sana yakiwa mazima, maana tango bichi huumizwa na baridi iliyo chini ya nyuzi 10 na baada ya siku kadhaa huanza kufanya madoa yenye maji. Yakikatwa na kutiwa siki leo, familia inapata kitoweo cha pembeni cha wiki nzima: kando ya samaki wa kukaanga, juu ya mishikaki, pamoja na pilau, au kuchangamsha sahani ya ugali na maharage.

Kanuni hizi zinahudumia mboga nyingine pia. Figili nyeupe, yenye maji mengi, itiwe chumvi na kukamuliwa kama tango. Karoti ni ngumu na haina maji mengi kama hayo, kwa hiyo ikwanguliwe nyembamba na ipewe muda mrefu zaidi kwenye siki. Kitunguu kikatwe kama karatasi, kitiwe siki moja kwa moja. Kila mara jiulize mambo matatu: mboga hii ina maji kiasi gani, kipande changu kina unene gani, na nitaiweka wapi ibaki baridi. Majibu yake yatakupa kiasi cha chumvi, muda wa kusubiri na siku za kula.