Maharage Yanachemka, Ugali Unasongwa

Mpishi mmoja anaweza kusimamia sufuria kumi za maharage. Akishabandika, kazi ni ya moto. Yeye huzunguka tu, akiongeza maji hapa na kupunguza kuni pale. Lakini hawezi kusonga ugali wa sufuria mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ugali unataka mkono. Tofauti hii ndiyo inayopaswa kuamua jinsi ya kuandika programu inayoshughulikia mambo mengi kwa pamoja, na inasikitisha kwamba wengi huiruka, wakachagua njia inayosifiwa msimu huo.

Kazi nyingi za seva ni maharage. Mteja akiulizia salio, seva hupeleka swali kwenye hifadhidata kisha hungoja jibu. Zamani ilizoeleka kila mteja kupewa uzi wake wa utekelezaji, yaani mpishi wake, ambaye hushinda akiitazama sufuria. Mwaka 1999 mtaalamu wa programu Dan Kegel aliandika kwamba umefika wakati wa seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa mpigo, maana mashine zilikuwa na nguvu hiyo. Kikwazo kilikuwa gharama ya wapishi: kila uzi hudai kumbukumbu yake, na kupokezana zamu hula muda. Ndipo zikaja programu ya seva nginx ya Igor Sysoev mwaka 2004 na Node.js ya Ryan Dahl mwaka 2009, ambazo huwaachia wapishi wachache, au hata mmoja, sufuria zote. Ila ikiingia hesabu nzito, kama kubana video, mpishi huyo hushika mwiko na wateja wote hukwama. Ugali unataka nyuzi zinazofanya kazi kwenye prosesa kadhaa kwa pamoja.

Wapo wasemao nyuzi zitumike kila mahali, kwa kuwa programu yake husomeka kwa urahisi. Ni kweli husomeka, lakini tazama salio la shilingi 10,000. Uzi mmoja unataka kutoa 7,000, mwingine 6,000. Zote zinasoma salio kabla wowote haujapunguza, kila mmoja unaona fedha zinatosha, na zinatoka 13,000. Kufuli, yaani kuruhusu uzi mmoja tu kugusa salio kwa wakati mmoja, huzuia hilo, ila kufuli lililosahaulika huweza kupita majaribio yote. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi Therac-25 iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada dozi ya kupindukia, baadhi wakafariki. Kukimbizana kwa kazi za programu kwa namna hiyo kulikuwa miongoni mwa sababu.

Wengine hudai kwamba nyuzi nyepesi, kama za lugha ya Go au za Java 21 ya mwaka 2023, zimemaliza mjadala. Zimefanya kungoja kuwe rahisi, nazo zinastahili sifa, lakini hazikuongeza mkono hata mmoja, wala hazikuondoa hatari ya salio lile. Kwa hiyo pima kwanza. Wateja wakingoja huku prosesa imetulia, hayo ni maharage. Prosesa ikiwa imeelemewa, huo ni ugali, tafuta mikono.