TATHMINI YA UMEME NA NISHATI KATIKA NYUMBA KABLA YA KUPANGISHA AU KUUZA

Mtumishi wa taasisi ya Muungano mwenye nyumba Kanazi, Wilaya ya Bukoba, anapohamishiwa Unguja au Pemba, aghalabu huipangisha nyumba yake na funguo humkabidhi ndugu. Mpangaji huangalia kuta, paa na umbali wa kufika barabarani, kisha hupatana kodi. Habari za umeme hazizungumzwi mpaka mwezi wa kwanza umalizike. Hapo ndipo malalamiko huanza, na mwenye nyumba yuko mbali, ng'ambo ya bahari.

Taarifa hii inaeleza namna ya kuifanyia nyumba tathmini ya matumizi ya nishati kabla ya kuikabidhi kwa mpangaji au mnunuzi, na sababu za kufanya hivyo.

Sheria inasemaje

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2002 liliweka sharti kwamba nyumba inayouzwa au kupangishwa iwe na cheti kinachoonesha kiasi cha nishati inachohitaji. England na Wales zilianza kutekeleza sharti hilo mwaka 2007 kwa nyumba zinazouzwa, na mwaka 2008 kwa zinazopangishwa. Cheti hicho hutoa daraja kuanzia A hadi G, na tangu Aprili 2018 mikataba mipya ya upangaji huko hairuhusiwi kwa nyumba iliyo chini ya daraja la E, isipokuwa zile zilizosamehewa.

Tanzania haina sheria inayomlazimisha mwenye nyumba ya kuishi kupata cheti cha namna hiyo. Tathmini ni hiari yake. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kufunga na kutengeneza nyaya za umeme si ya kila mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi hiyo kwa upande wa Bara hufanywa na fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba anayo haki ya kuomba aoneshwe leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Mambo ya kukaguliwa

(a) Nyaya. Bukoba na vitongoji vyake hupata mvua takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kwa hiyo fundi apande darini kutazama kama maji yanayovuja yanafikia nyaya, na apime waya wa ardhini kwa kifaa badala ya kuutazama kwa macho tu. Aidha, nyumba zilizopasuka katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 zikaguliwe kwa hadhari zaidi, kwa kuwa plasta mpya yaweza kufunika bomba la nyaya lililovunjika ndani ya ukuta.

(b) Mita. Ihakikishwe kwamba lakiri za mita hazijaguswa. Kuchezea mita ni kosa, na mtu wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye mita imeandikishwa kwa jina lake. Nyumba iliyofungwa tangu kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 ijaribiwe kwa kununua umeme kidogo, kwa sababu mita ya LUKU ambayo haikuboreshwa kabla ya tarehe hiyo haipokei tokeni mpya mpaka ihudumiwe.

(c) Vifaa. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 kwa muda huo huo hutumia uniti 1.35. Nyumba yenye balbu nne za zamani hutumia uniti 36 kwa taa peke yake. Zikibadilishwa, hutumia uniti 5.4. Hita ya kuogea ya wati 3,000 ikiwashwa nusu saa kwa siku hutumia uniti 45 kwa mwezi.

(d) Jiko na mwanga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwenye nyumba aoneshe mahali salama pa kuweka mtungi wa gesi, na kama moshi wa jiko la kuni una njia ya kutokea. Bati moja linalopitisha mwanga jikoni na ukumbini huondoa haja ya kuwasha taa mchana.

Mita moja kwa wapangaji wengi

Jambo linalozaa ugomvi kuliko yote ni mita moja kutumiwa na wapangaji kadhaa. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa matumizi madogo aliye katika kundi la D1 hulipa Sh. 100 kwa uniti, hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni Sh. 350. Mteja wa kundi la T1 hulipa Sh. 292 kwa uniti. Bei hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vinne, kila chumba kikitumia uniti 30 kwa mwezi. Kila mpangaji angekuwa na mita yake katika kundi la D1, angelipa Sh. 3,000. Wakitumia mita moja, jumla ni uniti 120, nayo mita hiyo huingia kundi la T1. Gharama inakuwa Sh. 35,040, yaani Sh. 8,760 kwa kila chumba. Matumizi hayakuongezeka hata kidogo, lakini mpangaji mwenye taa moja na redio amepoteza nafuu aliyostahili. Mwenye nyumba aulize ofisi ya TANESCO gharama za kutenganisha mita, na asipoweza kuzitenganisha, amweleze mpangaji hali hiyo kabla hajalipa kodi.

Kodi ya majengo

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa viwango vya mwaka 2023, nyumba ya kawaida inayotozwa kodi hiyo hukatwa Sh. 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa miezi sita bila kununuliwa umeme, anayenunua wa kwanza hukatwa Sh. 9,000 kwa pamoja. Ikumbukwe kuwa mlipaji wa kodi hii ni mwenye nyumba. Mpangaji aliyekatwa anastahili kurejeshewa au kupunguziwa katika kodi ya pango.

Kuandika makabidhiano

Matokeo ya tathmini yaandikwe katika karatasi moja: namba ya mita na kundi lake la bei, uniti zilizobaki siku ya makabidhiano, jina la fundi na namba ya leseni yake, kasoro zilizoonekana, na nani atazitengeneza. Pande zote mbili zitie saini mbele ya shahidi, na kila upande ubaki na nakala. Kasoro iliyotajwa mapema hupunguza bei kidogo. Iliyofichwa huvunja mkataba na kuharibu ujirani.

Kwa wakazi wa Unguja na Pemba, umeme huuzwa na ZECO, mita hujulikana kwa jina la TUKUZA, na msimamizi wa huduma za nishati ni ZURA. Bei na taratibu za huku ziulizwe katika ofisi hizo, lakini ukaguzi wa nyaya, mita na vifaa ni ule ule.

Nyumba ni amana kwa aliyeijenga na kwa anayeingia kuishi ndani yake. Watumishi wanaojiandaa kwa uhamisho wanashauriwa kufanya tathmini hii wakiwa bado wamo ndani ya nyumba, wala wasimwachie mzigo huo ndugu waliyemkabidhi funguo. Mali bila daftari hupotea bila habari.