Kuzunguka Nchi za Milima kwa Basi: Hesabu Siku, Usihesabu Ramani



Wilaya ya Ngara ni ya vilima. Mvua kubwa inaponyesha, maji hushuka kwa kasi na kuchukua udongo wa juu, ule ulio mweusi na wenye mbolea. Mkulima anabaki na udongo mwekundu na mawe. Jirani zetu wa Rwanda, Burundi na kusini magharibi ya Uganda wanalima milima iliyo mikali kuliko yetu, na wengi wao wanavuna. Ndiyo maana mwaka 2025 kikundi kimoja cha wakulima ninaowahudumia kiliamua kwenda kujionea kwa macho.

Walikuwa watu tisa. Fedha zilitokana na mchango wa msimu wa kahawa. Hazikuwa nyingi. Tulikubaliana kwenda kwa mabasi ya kawaida, kulala nyumba za wageni za bei nafuu, na kila mtu kubeba mzigo wake mgongoni.

Mpango wa kwanza ulichorwa kwenye ubao wa shule. Ulikuwa mzuri sana kuutazama. Ungeanzia Rusumo kwenda Kigali, ushuke Burundi mpaka Bujumbura, upande Bukavu na Goma, uingie Uganda, kisha urudi Bukoba. Nchi nne kwa siku saba! Kwenye ramani milango hiyo yote imekaribiana, mtu anaweza kuifunika kwa kiganja. Lakini ramani haisemi mpaka upi umefungwa, wala haisemi basi linapanda mlima kwa mwendo gani.

ULIZA MIPAKA KWANZA

Januari 2024 serikali ya Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Tulipoulizia mwezi wa Mei 2025, ulikuwa bado umefungwa. Upande wa Congo, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi Februari. Hapo nusu ya mchoro wetu ikafutwa. Na hata mpaka ulio wazi leo una historia yake. Mpaka wa Gatuna, kati ya Kigali na Kabale, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu! Kwa hiyo msiulize mara moja tu. Ulizeni mnapoanza kupanga, na ulizeni tena wiki moja kabla ya kuondoka. Waulizeni Uhamiaji, na waulizeni madereva wa malori. Madereva wanajua mambo ya jana usiku.

Kuondolewa kwa Burundi kulileta mgogoro. Mzee mmoja wa kikundi alikuwa ametoa mchango wake kwa sababu moja tu. Dada yake aliolewa Muyinga zamani, na walikuwa hawajaonana miaka mingi. Kwake yeye matuta ya Rwanda yalikuwa ni ya njiani. Aliposikia kwamba hatutapita Burundi alinyamaza, kisha akaomba arudishiwe fedha zake. Wengine wakakataa. Walisema mchango ukishaingia kwenye sanduku ni wa kikundi, na akitoka mmoja wote watadai.

Mimi niliombwa kutoa maoni. Nilisema kwamba mzee alichangia safari ya Burundi, na safari ya Burundi haipo tena katika mpango huu, basi fedha ni zake. Ubishi ulikuwa mrefu. Mwishowe mwenyekiti alipigisha kura, na mzee akarudishiwa fedha zake zote. Muyinga haiko mbali na kwetu. Unatoka Ngara kwenda Kabanga, unavuka Kobero, unapanda gari lingine. Huna haja ya kuzunguka nchi tatu. Mzee akaondoka juma lile lile, na sisi tukabaki watu wanane na mimi.

FEDHA NA HATI

Mtanzania anayekwenda Rwanda na Uganda anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kwa mpango huu, hata ukiona Mnyarwanda na Mganda wanavuka kwa vitambulisho vyao. Nchi hizo mbili na Kenya zilipatana hivyo mwaka 2014, nasi hatukuwamo. Chukueni pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kukubaliwa baada ya siku 10, kwa hiyo usichanjwe siku ya kuondoka. Ukishachanjwa mara moja kadi ni ya maisha.

Mpakani utapimwa joto la mwili. Usikasirike. Ugonjwa wa Marburg ulitokea Rwanda mwaka 2024, na Januari 2025 ukatokea kwetu Biharamulo. Mwenye homa abaki nyumbani, ajitibu.

Kuhusu fedha, tuliandika kila kipande cha njia katika mstari wake: nauli, kulala, kula. Tukajumlisha. Kisha tukaongeza sehemu ya tano ya jumla ile kwa ajili ya kuchelewa. Yaani kama hesabu yenu ni shilingi 200,000 kwa mtu, tafuteni 240,000. Zaidi ya hapo, nauli ya kurudi nyumbani iliwekwa katika mfuko wa kitambaa ulioshonwa, akapewa mama mweka hazina. Mfuko huo haukufunguliwa kabla ya kufika Masaka. Mmoja wetu alitaka ufunguliwe Kigali ili anunue viatu. Mama alimjibu kwamba viatu vizuri vitamsaidia sana kutembea kwa miguu hadi Ngara.

Badilisheni faranga za kutosha siku mtakazokaa Rwanda, siyo zaidi. Ukishavuka kuingia Uganda na kwenda mbali na mpaka, faranga zinakosa soko.

Watu wengi huuliza habari za sokwe wa milima ya Virunga. Ada ya kuwaona ni kubwa, na haikuwa kazi iliyotupeleka. Milima yenyewe kuitazama ni bure. Ukiwa Musanze asubuhi isiyo na ukungu unaiona Karisimbi, yenye mita 4,507, na Muhabura yenye mita 4,127. Katikati upo Sabyinyo, wenye meno meno, ambapo Rwanda, Uganda na Congo zinakutana.

MZIGO WA MGONGONI

Usichukue sanduku. Chukua begi la mgongoni ambalo unaweza kutembea nalo saa nzima bila kupumzika. Jaribu kwanza nyumbani, panda nalo kilima. Ukihema sana, toa nguo. Sweta lisitolewe, maana Musanze na Kabale usiku ni baridi kweli. Weka koti la mvua, tochi, shuka, dawa zako, daftari na kalamu. Mifuko ya plastiki iache. Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008, na kwetu tangu 2019.

SIKU KUMI NA MOJA

Tulichagua mwezi wa Juni kwa sababu masika yamekwisha na maharage yametoka shambani. Ni kweli kwamba mtu anayetaka kuona jinsi tuta linavyozuia maji angekwenda Aprili. Lakini milima ile ikilowa huporomoka. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Hatukutaka kuwa njiani wakati kama huo.

Tuliondoka Jumatatu, Juni 16. Rusumo mnavuka mto Kagera juu ya maporomoko. Wazee wetu wa Ngara hawapiti hapo bila kukumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati watu wapatao robo milioni walipovuka daraja kwa siku moja wakikimbia mauaji. Kambi ya Benaco ilianza hivyo.

Ukishavuka, mambo mawili yanabadilika. La kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja; kwetu ikiwa saa 3 asubuhi, kwao ni saa 2. La pili ni upande wa barabara. Kwao magari hupita kulia. Kwa hiyo mtu anayetaka kuvuka barabara aangalie kushoto kwanza. Jambo hili ni la hatari kuliko yote niliyoandika hapa, kwa maana shingo imezoea kugeuka kulia. Tulipangana wawili wawili, kila mmoja amshike mwenzake mkono. Watu walitucheka. Basi wacheke.

Toka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160. Siku yenye mpaka msiipangie kazi nyingine. Tulifika, tukala, tukalala. Asubuhi ya Jumanne tulikwenda Gisozi, mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya 1994. Watu zaidi ya 250,000 wamezikwa pale. Sitaeleza mengi. Nasema tu kwamba ukiwa Rwanda usimwulize mtu yeye ni kabila gani.

Mchana tulipanda gari la Musanze katika stendi ya Nyabugogo. Njia ni kama saa mbili, kona tupu. Wenye kutapika wakae mbele. Tiketi hukatwa dirishani, na kila kiti ni mtu mmoja. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye huvaa kofia ngumu. Pia kumbukeni kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wote. Toka saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kwa saa za kwao, usitegemee gari. Mwezi ule ilikuwa tarehe 28, nasi tulipanga kuwa nyumbani kabla yake.

Musanze tulikaa siku mbili nzima. Tulikuwa tumetanguliza barua, na hiyo ndiyo iliyotufungulia mashamba. Hapo lugha ilitusaidia sana. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu, na akina mama waliongea na wenyeji tangu asubuhi hadi jioni bila mkalimani. Udongo wa huko ni wa volkano, mweusi, unaota viazi mviringo na pareto. Sisi hatuna udongo huo, na niliwaambia wasiutamani. Tulichokwenda kuangalia ni matuta ya ngazi.

Wenyeji walitueleza hivi. Kwanza udongo wa juu hukwanguliwa na kuwekwa kando. Kisha mlima hukatwa ngazi, na kila ngazi huinamishwa kidogo kuelekea ndani, ili maji yasimwagike nje. Halafu udongo wa juu hurudishwa mahali pake. Ukuta wa ngazi hupandwa majani ya ng'ombe ili usibomoke. Mtu mwenye haraka huacha kurudisha ule udongo wa juu. Huyo hupanda juu ya udongo mfu wenye uchachu, hapati kitu, kisha husema matuta hayafai. Hata ukiurudisha, miaka ya kwanza lazima uweke samadi nyingi na mara nyingine chokaa. Mkulima wa kwetu aliuliza, "Na asiye na ng'ombe?" Walicheka, wakasema majani ya ukutani ndiyo yatakayomlisha mbuzi, na mbuzi ataleta samadi. Jibu hilo liliandikwa katika madaftari yote manane.

Ijumaa tulivuka Cyanika kuingia Kisoro. Hapo saa inarudi kama ya kwetu, na magari yanarudi kushoto. Kesho yake tulikwenda Kabale, kwa njia inayopanda na kushuka katika msitu wa Echuya. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Tulikaa mpaka Jumatatu, tukatembea kwa miguu hadi ziwa Bunyonyi. Milima inayolizunguka imelimwa hadi juu, vishamba vidogo vidogo, na kati yao michirizi ya majani. Kule hawakukata ngazi zote kwa jembe. Waliacha mistari ya majani ikingane na mteremko, na udongo ukajijaza wenyewe mwaka hadi mwaka. Kazi ni ndogo, lakini inataka subira. Kwa mtu mwenye mikono michache nadhani njia hii inafaa zaidi.

Mmoja wetu alitaka kubeba machipukizi ya migomba ya huko. Nilimkataza, na sikulegea. Mnyauko wa migomba ulitokea Uganda mwaka 2001, na haukuchukua miaka mingi kufika Kagera. Chipukizi lenye ugonjwa linaonekana zima kabisa. Vivyo hivyo pingili za mihogo, zinazoweza kubeba batobato na michirizi ya kahawia. Mbegu za kigeni ni kazi ya watu wa karantini. Ninyi bebeni maarifa na picha.

Kurudi kulikuwa kwa kawaida: Mbarara na Masaka, Mutukula, Bukoba, kisha Biharamulo hadi nyumbani. Ipo njia fupi ya Kikagati na Murongo kupitia Karagwe. Tuliiacha kwa sababu Mutukula magari ni mengi zaidi, na mtu aliyechoka hana haja ya kusubiri gari porini. Tulifika Alhamisi, Juni 26. Ile sehemu ya tano tuliyoongeza ilibaki kidogo sana. Iliyobaki ilirudishwa kwenye sanduku mbele ya mkutano.

Mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za vuli, kikundi kilipima mteremko wa robo eka kwa kipimo cha miti cha herufi A na kuanza kuchimba. Shamba la yule mzee liko chini ya mteremko ule, na maji yake yote humwagikia kwake. Alikuja siku ya kwanza na jembe lake. Alituambia dada yake hajambo, ana wajukuu sita, na amemwahidi kuja Ngara wakati wa sikukuu.