Bomba la Moshi Lisidharauliwe

Mwenye kulifufua gari la zamani aghalabu huanza na rangi na viti, bomba la moshi likasahauliwa hadi mwisho. Sisi twasema mpango huo umepinduka.

Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Katika safari fupi, kama ile ya kutoka Kator kwenda sokoni Konyo Konyo mjini Juba, bomba halipati moto wa kutosha. Maji hubaki ndani ya sailensa na kuitafuna kwa kutu. Safari ndefu ya Nimule, kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012, hulikausha.

Magari yenye nguvu ya enzi zile, kama Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, yalikuwa na manifoldi ya chuma cha kusubu. Ikipasuka, isitupwe. Fundi stadi huipasha moto yote, huichomelea kwa vijiti vya nikeli, kisha huifukia katika mchanga mkavu ipoe polepole. Akiharakisha, itapasuka upya kando ya kiungo.

Bomba jipya lifuate kipimo cha lile la asili: likiwa jembamba mno, injini hukosa pumzi. Na viungo vyake visivuje kamwe, kwani kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Gari lipendezalo machoni lakini linalovuja moshi chini ya viti ni kaburi lililopakwa chokaa.