Kuita si Kupandisha: Uteuzi wa Wasaidizi katika Mbio za Michezo ya Njozi

Katika michezo ya njozi inayochezwa kwa kompyuta, peke yako au mtandaoni, mchezaji hupewa uwezo wa kumwita kiumbe asiyekuwapo aje ampiganie. Baadhi ya vijana wetu hulieleza tendo hilo kwa neno la kuazima, "kusamoni". Kuazima huko hakuna lazima. Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Msambweni hadi bara ya Kinango, ina msamiati wa kutosha wa kuwaita wasioonekana. Makala haya yanaeleza jinsi msaidizi huyo anavyoteuliwa pale mchezaji anaposhindana na saa, na kupima ni maneno gani ya Kwale yanayofaa kazi hiyo. Mchezo tutakaoutolea mfano ni Elden Ring wa kampuni ya FromSoftware ya Japani, uliotoka Februari 2022.

Tuanze na kilinge. Miongoni mwa Wadigo na Waduruma, shughuli ya kumtibu mwenye pepo huitwa ngoma, au kayamba, kwa jina la ala ya matete yenye mbegu ndani inayotikiswa usiku kucha. Kila pepo ana nyimbo zake. Waimbaji huzipitia hadi yule aliye na mgonjwa aitikie. Akipanda, mgonjwa huwa kiti chake, na maneno yanayotoka kinywani huhesabiwa kuwa ya pepo: anataka nguo ya rangi fulani, anataka pete, anataka chakula. Roger Gomm, aliyeandika kuhusu Wadigo mwaka 1975, aliyaona masharti hayo kuwa njia ya mwanamke mnyonge kupata kwa mumewe kile ambacho asingekipata kwa kuomba. Hoja yake haimalizi maana ya kilinge, lakini inatukumbusha kwamba asiyeonekana haji bure.

Hapa pana vitenzi vitatu visivyofaa kuchanganywa. Kuita ni kutoa mwito. Kupandisha ni kumleta pepo hata akashika kiti. Kupunga ni kumtuliza au kumwondoa kwa ngoma. Katika mchezo wetu hapana kupandisha, kwa maana msaidizi husimama kando kwa umbo lake na mchezaji hubaki na akili zake. Anayefanya kazi hapo ni kitenzi kuita, na kutokana na kauli yake ya kutendwa napendekeza nomino mwitwa, wingi waitwa.

Sasa uteuzi. Mchezaji wa kawaida huuliza ni mwitwa gani mwenye nguvu. Mkimbiaji, yaani anayetaka kuumaliza mchezo kwa muda mfupi iwezekanavyo, huuliza maswali mawili: nitampata kwa dakika ngapi, na atanirudishia dakika ngapi? Jibu la maswali haya mara nyingi humshusha mwenye nguvu na kumpandisha mnyonge aliye karibu.

Chukua mbwamwitu watatu. Mapema safarini, katika Church of Elleh, mchawi Ranni, akijiita Renna, humpa mchezaji kengele ya kuitia pamoja na majivu ya mbwamwitu hao. Hawana nguvu ya kutisha. Lakini ni watatu, wana mbio, na wamepatikana bila kuiacha njia kwa mbali. Zimwi linaloshambuliwa kutoka pande nne hulazimika kugeuka mara hapa mara pale, na kila linapogeuka humwachia mchezaji mgongo. Faida ya mwitwa kwa mkimbiaji iko hapo, katika macho ya adui anayoyavuta, kuliko katika majeraha anayoyatia.

Mlinganishe na Mimic Tear, chozi linalojigeuza mfano wa mchezaji mwenyewe, silaha zake zikiwamo. Wengi humsifu, na kwa anayecheza kwa starehe sifa hizo zinamstahili, hata baada ya waundaji kumpunguzia makali katika sahihisho la Machi 2022. Ila njia ya kumfikia ni ndefu. Mji wa Nokron alimo haufikiki hadi jemadari Radahn ashindwe. Ukifika huko, wahitaji ufunguo maalumu wa kuondoa ukungu mlangoni. Tena yeye hadai nguvu za uchawi kama waitwa wengine wengi, bali sehemu ya uhai wako. Mkimbiaji asiye na haja nyingine Nokron humwacha.

Yapo masharti mengine. Majivu hayaitiki popote. Lazima pawe na mnara maalumu wa kuitia karibu. Msomaji wa Kwale hatashangaa, kwani mizimu ya kwao nayo ina mahali pake, pangoni au chini ya mbuyu, na mwenye haja ndiye aendaye. Vilevile, ukimwita binadamu mwenzio kupitia mtandao, uhai wa zimwi kuu huongezeka, ilhali ukiita majivu hauongezeki. Wala huwezi kuwa na wote wawili: mwenzio akiwapo, kengele hukataa. Kwa hiyo rafiki asiye hodari ni hasara juu ya hasara. Wakimbiaji mahiri aghalabu hawaiti yeyote, maana hata kuipiga kengele kwala muda. Mmoja wao, ajulikanaye kama Distortion2, aliumaliza mchezo chini ya dakika 7 mnamo Aprili 2022, akitumia hitilafu za programu kuruka sehemu kubwa ya nchi.

Vita vya Radahn vina utaratibu wake. Alama za kuitia zimetawanyika mchangani, na aliyeuawa huweza kuitwa tena baadaye. Mchezaji hupita juu ya farasi akiita mmoja baada ya mwingine, jemadari akishughulika nao. Miongoni mwao yumo Patches, ambaye huitika, hutazama hali ilivyo, kisha hujiondokea. Hata yeye, kwa sekunde chache, ni mtu mmoja zaidi uwanjani.

Wapo watakaopinga kwamba uganga si mchezo, na kwamba Mwislamu wa Msambweni hatapenda kusikia maneno ya kilinge yakitajwa mbele ya kioo cha kompyuta. Nakubaliana nao kwa sehemu. Kuita na masharti ni maneno ya watu wote. Kupandisha na kiti tuwaachie wenyewe. Lililo zito zaidi ni jini wa kutumwa, msemo unaomjia mtu upesi anapotafuta tafsiri. Kijana akisema nyumbani kwamba amemtuma jini, hatamjulisha nyanyake kwamba anacheza. Katika Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na shuku hizo zaweza kuanza kwa maneno yaliyosikika vibaya ukutani. Mwitwa ni neno geni, nalo halijamdhuru mtu.