Shaba yetu ilipanda barji: njia ya Ilebo isisahauliwe

Wandugu wachimbaji, nanyi wamama wa kambi, vijana wengi hawajui ya kuwa shaba ya Katanga ilisafiri miaka mingi juu ya maji. Wao wanaona tu makamyo yanapanga mstari Kasumbalesa.

Njia ile iliitwa Voie nationale. Reli ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, mwaka 1928. Kutoka Lubumbashi mpaka pale ni karibu kilometa 1,600. Ilebo iko kando ya mto Kasai. Pale shaba ilishuka treni, ikapanda barji, ikateremka Kasai na kuingia mto Kongo mpaka Kinshasa, karibu kilometa 800. Mbele ya Kinshasa kuna maporomoko, barji haipiti. Basi shaba ilipanda tena treni, kilometa 366 mpaka Matadi, na pale ikaingia meli ya bahari.

Barji ni nini? Ni kama sanduku kubwa la chuma, chini ni bapa. Yenyewe haina mashini. Wanafunga barji mbili, tatu ao zaidi kwa kamba za chuma, na nyuma mashua moja yenye nguvu, pousseur, inazisukuma zote pamoja. Uzito unabebwa na maji. Ndiyo maana mashini moja inapeleka mzigo wa makamyo mengi sana, na kwa kila tani mafuta ni kidogo.

Lakini mto uko na sheria yake. Kasai iko na mchanga mwingi, na mchanga ule unahama. Wakati wa kiangazi maji yanashuka. Ukipakia sana, barji inakwama. Mabaharia wanasimama mbele na fimbo ndefu, wanapima kina. Kuondoa mchanga na kuweka alama za njia ni kazi ya Régie des Voies Fluviales. Mahali alama hakuna, kutembea usiku ni kutafuta kifo. Na tukiona watu wanalala juu ya magunia, tujue: barji ya mizigo haikutengenezwa kwa kubeba jamaa zetu.

Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela. Ilebo ilisaidia sana wakati ule. Ni kweli, njia yake ilikuwa ya polepole, sababu mzigo ulishuka na kupanda mara nyingi. Lakini ilibaki ndani ya inchi yetu, na kila bandari iliwapa baba wa familia kazi.

Leo nyumba yetu iko karibu na mlango mmoja. Mpaka wa Kasumbalesa ukifungwa siku chache tu, madini yanasimama njiani na bei ya unga inapanda kambini. Siku hizi wakubwa wanasema sana Lobito. Ni vizuri, lakini ule nao ni mlango wa jirani.

Basi sendika zetu zikikaa na wakubwa, tusiulize mshahara tu. Tuulize: reli ya Ilebo itatengenezwa lini? Nani anaondoa mchanga wa Kasai? Wafanyakazi wa reli na bandari wanalipwa kila mwezi? Mchimbaji asiyejua njia ya shaba yake hawezi kujua kwa nini mfuko wake ni mwepesi.